MTOTO HAUMWI, LAKINI APIMWE
Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi siku ya kutimiza miaka kumi

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mama Afisa Maendeleo ya Jamii, Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu, viongozi wa dini zote, waume zetu mliokubali leo kukaa viti vya nyuma, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 18 tu, hisa moja shilingi 1,000, kisanduku kilichongwa na fundi wa mtaa huu huu, na funguo tatu zikakaa kwa watu watatu ili mmoja asitudanganye. Leo tupo 30 na hisa ni shilingi 5,000. Habari za faida, mikopo na marejesho ameziandika Mweka Hazina kwenye ukurasa wake, na yeye hesabu anazijua kuliko mimi niliyeishia darasa la saba. Sitazirudia.

Katibu aliniagiza nizungumze juu ya mafanikio ya kikundi. Nimekaa wiki mbili nafikiri. Mafanikio ninayoyajua mimi kuliko mtu mwingine yeyote yamo kwenye leja katika mstari mmoja tu: "Mkopo wa dharura, M/kiti, Sh. 420,000, Machi 2021." Wapo humu wanachama wapya waliowahi kuuliza hizo fedha zilikwenda wapi. Ni haki yao. Leo nitasema zilikwenda wapi.

Zilikwenda kwa binti yangu. Wengi mnamfahamu, watoto wa chekechea wanamwita Mwalimu ingawa wengine wanakaribia kumpita kimo. Nimemwomba ruhusa kusema, akanikubalia kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe kwenye kijitabu hiki, na kwamba nisilie. La pili nitajitahidi.

Mwanangu huyu nilimzaa mwaka 1998. Alipotoka, nyayo na viganja vyake vilikuwa vimevimba kama vimetiwa maji. Nesi akasema vitanywea, na kweli vilinywea. Shingo ilikuwa pana kidogo, na nywele za kisogoni zimeshuka chini. Mama mkwe akaangalia, akasema kwao hakuna watu wa shingo hiyo. Nikanyamaza. Mtoto akakua, ila alikua polepole. Masikio yalimtoa usaha mara kwa mara. Alipofika darasa la tano alikuwa kama wa darasa la pili, nguo za mdogo wake zinamtosha. Shuleni alisoma vizuri, Kiswahili na historia hakuna wa kumshika, hesabu tu ndizo zilimsumbua. Nilidhani karithi kwangu.

Wenzake wakavunja ungo, yeye kimya. Miaka 14, miaka 15, miaka 16, kifua hakuna, hedhi hakuna. Zahanati moja niliyompeleka wakaniambia ana upungufu wa damu, ale mchicha. Akala mchicha. Kwa waganga nako nilikwenda, sifichi, na mbuzi nilitoa. Nilichokuwa nakitafuta muda wote huo, akina mama wenzangu, ni kizazi. Nilikuwa nawaza ataolewa na nani. Moyo wake sikuuwaza hata siku moja.

Mwaka 2016, akiwa na miaka 18, tukapata rufaa kwenda hospitali kubwa. Daktari mmoja wa kike alimtazama mikono, akamwambia anyooshe viwiko, akamtazama shingo, kisha akamuuliza mambo ya hedhi kwa upole. Akaagiza damu ipimwe kromosomu. Majibu yalichukua muda mrefu. Yaliporudi nilinunua daftari, nikaandika kila alichosema, na daftari hilo ninalo hapa mezani.

Kila chembe ya mwili wa binadamu ina vijiti vidogo sana viitwavyo kromosomu, 46 kwa jumla, ndivyo vinavyobeba urithi wa baba na mama. Mwanamke ana mbili ziitwazo X, mwanamume ana X moja na Y moja. Mwanangu ana X moja tu, ya pili haipo, kwa hiyo anazo 45. Hali hiyo inaitwa Turner, kwa jina la daktari wa Marekani, Henry Turner, aliyeandika mwaka 1938 habari za wasichana na wanawake saba wa namna hiyo. Wakati huo hakujua sababu. Ilikuwa mpaka mwaka 1959 ndipo wataalamu wa Uingereza walipohesabu kromosomu wakakuta moja ya X imepungua. Wapo wengine ambao X ya pili ipo lakini imekatika kipande, au ipo kwenye baadhi ya chembe na kwenye nyingine haipo, na hao dalili zao huwa chache mpaka unaweza usishtuke kabisa. Na wapo wachache wenye kipande cha Y. Hao hushauriwa kuondolewa ovari kwa kuwa zinaweza kuota uvimbe mbaya, ndiyo sababu kipimo cha damu hakina mbadala.

Nikamuuliza daktari: ni kosa langu? Akaniambia si kosa la mtu. Kromosomu hupotea wakati mbegu au yai linapotengenezwa, au mimba ikiwa changa kabisa. Halitokani na umri wa mama, wala chakula, wala jicho la mtu. Akaongeza jambo ambalo, samahani mzee wangu uliyekaa pale nyuma, nililibeba hadi nyumbani kama zawadi: kwa wengi wao ile X moja iliyobaki ni ya mama, iliyokosekana ni ya baba. Nilipomweleza mama mkwe alisogeza kiti chake akaniambia nirudie. Baba naye hana kosa, jamani, nimeshasema.

Tena akasema mimba nyingi sana za hali hii hutoka zenyewe. Anayezaliwa ni aliyeshinda. Na wanaozaliwa si wachache kama tunavyodhani: mtoto wa kike mmoja katika kila 2,000 hadi 2,500. Hospitali inayozalisha watoto 5,000 kwa mwaka, nusu yao wakiwa wasichana, inampokea mmoja kila mwaka. Basi wako wapi? Wapo. Ni yule mnayemwita kijeba. Ni yule shangazi mfupi asiyezaa.

Daktari alitupa karatasi mbili siku ile. Ya kwanza ilikuwa ya dawa za homoni. Ya pili ilikuwa ya kupima moyo. Naomba mshike hizo karatasi mbili, kwani habari yangu yote ni hizo.

Karatasi ya kwanza. Ovari za watoto hawa kwa kawaida huchoka mapema mno, wengine kabla hawajazaliwa, hivyo mwili unakosa homoni ya kike iitwayo estrojeni. Sisi wa umri wangu tunaifahamu ilivyo ikiondoka: joto usiku, mifupa kuuma, hasira bila sababu. Lakini sisi imeondoka tukiwa na miaka hamsini, imeshafanya kazi yake. Msichana wa Turner anaikosa tangu anapoihitaji. Estrojeni si ya matiti na hedhi peke yake. Ndiyo inayoweka madini kwenye mifupa, ndiyo inayokuza kizazi, na mishipa ya damu nayo inaihitaji. Kwa hiyo hupewa kama dawa, kuanzia miaka 11 au 12, kidogo kidogo, kipimo kinaongezwa kwa miaka miwili mitatu, kisha inaongezwa homoni ya pili, projesteroni, ili kizazi kisafishike kwa hedhi. Dawa hiyo haiishi baada ya mwaka. Huendelea mpaka karibu umri ambao mwanamke wa kawaida hukoma hedhi. Zipo pia sindano za homoni ya kukuza kimo, lakini hizo hutakiwa mapema, mifupa haijafunga, tena kila siku kwa miaka, na bei yake siwezi kuitamka mbele ya mgeni rasmi. Mwanangu alikuwa ameshachelewa. Kimo chake ni sentimita 142, na hapo ndipo alipofikia.

Akaanza homoni akiwa na miaka 18. Mimi mwenyewe niliona mwili unabadilika. Baada ya mwaka na kitu akapata hedhi, tukachinja jogoo.

Sasa nafika penye aibu yangu. Vidonge vya estrojeni tupu havikupatikana kwetu, hivyo alipewa vile vinavyopatikana, vidonge vya majira. Ndiyo, vile vile vya uzazi wa mpango, pakiti ile ile mnayoijua. Mwaka 2018 jirani mmoja akaviona dirishani. Baada ya siku tatu mtaa mzima ulikuwa unasema binti wa Mwenyekiti, msichana asiyeolewa, anameza vidonge vya majira. Mwenyekiti! Mama anayesimama mbele ya wenzake kila Jumamosi! Sikumtetea mwanangu. Ningeweza kusimama hapa hapa kama nilivyosimama leo nikaeleza. Badala yake niliingia chumbani kwake nikamwambia aache. Akaniuliza, "Mama, na daktari?" Nikamwambia daktari haishi mtaa huu.

Akaacha. Alinitii, kwani ndivyo nilivyomlea. Miaka miwili mizima hakumeza kitu.

Mwaka 2020 aliteleza uani na ndoo ya maji. Kuteleza kwa kawaida, mtu anainuka anacheka. Yeye mkono ulivunjika kwenye kifundo. Alikuwa na miaka 22. Pale tulipokwenda kufungwa plasta wakampima presha, ikasoma 150 kwa 100. Nesi akadhani mashine mbovu, akaleta nyingine, ikasema hivyo hivyo. Daktari akauliza anatumia dawa gani, na mimi nikatazama chini. Aliposikia neno Turner akauliza swali moja tu: "Moyo mlishapima?"

Karatasi ya pili ilikuwa kabatini. Tangu 2016. Imekunjwa vizuri ndani ya bahasha pamoja na risiti za kikundi. Sikuipeleka popote, kwa sababu ilitaka fedha, na kwa sababu mtoto alikuwa haumwi. Anacheka, anaimba kwaya, anapanda mlima kuni kichwani. Utampeleka mtu wa namna hiyo kupima moyo?

Nieleze kwa nini alitakiwa kupelekwa. Kwenye moyo kuna mshipa mkubwa kuliko yote, unaitwa aota, ndio unaobeba damu kwenda mwili mzima. Mlangoni pake kuna vali yenye vibao vitatu vinavyofunguka na kufunga. Wengi wenye Turner wana vibao viwili badala ya vitatu: katika kila watu kumi wenye hali hii, wawili hata watatu wanaweza kuwa hivyo. Wengine, wachache zaidi, aota yenyewe imebanwa sehemu moja kama mpira wa maji uliokanyagwa, na hao presha ya mkono huwa juu wakati ya mguu iko chini, ndiyo maana daktari mzuri atapima mkono na mguu. Na wapo ambao aota inatanuka taratibu, ukuta wake unakuwa dhaifu. Ukuta huo ukichanika, damu inaingia kati ya matabaka yake, na mtu anaweza kufa siku hiyo hiyo. Kwa watu wengine jambo hili ni la wazee. Kwa wenye Turner huja mapema, hata kwenye miaka ya ishirini na thelathini. Presha ikiwa juu ndiyo inayousukuma ukuta huo mchana na usiku. Na katika hayo yote mwenyewe hasikii maumivu yoyote mpaka siku yenyewe.

Tulimpima moyo hospitali moja, siitaji, kwa kipimo cha eko, kile kinachopiga picha kwa sauti kama altrasaundi ya mimba. Jibu likaandikwa aota ina upana wa sentimita 3.0, ni ya kawaida. Nikashukuru Mungu, nikarudi kwenye biashara yangu ya dagaa. Yule daktari wa kike ndiye aliyekataa. Nilimpigia simu kumpa habari njema, akanyamaza kidogo, akasema, "Kawaida ya nani?" Akatutaka twende Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanza mwaka 2015 sawa na kikundi chetu.

Hapo ndipo fedha zilipotakiwa: nauli ya watu wawili, kulala, vipimo. Mimi nilikuwa nimeshachukua mkopo wa dagaa na sijamaliza marejesho.

Wanachama wa zamani mnakumbuka kikao kile cha Machi 2021. Katiba yetu ilisema mfuko wa jamii ni kwa ajili ya msiba, uzazi, na mgonjwa aliyelazwa. Nilimwachia Makamu kiti, nikakaa mkekani kama mwombaji mwingine. Mwenzetu mmoja, na leo yupo hapa na tumecheka naye sana juu ya jambo hili, alisimama akasema: "Mtoto tumemwona asubuhi anakwenda kazini. Halazwi, hakohoi, hana homa. Tukitoa fedha kwa mtu mzima wa afya kwa kuwa ni mtoto wa Mwenyekiti, kesho kila mtu ataleta wake." Kelele zikawa nyingi. Na mimi nasema alikuwa na haki. Kanuni ilikuwa upande wake. Ningekuwa si mimi, ningesema hivyo hivyo.

Nikasimama nikasema yote. Turner, vidonge vya majira ni vya nini, nani aliyemwachisha, bahasha ya kabatini. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo nje ya nyumba yangu. Nilipokaa, mama mmoja mtu mzima, Mungu amrehemu, alifungua fundo la kanga akatoa elfu mbili, akaitupa katikati ya mkeka akasema, "Katiba baadaye." Mkakubaliana iwe mkopo wa dharura bila riba. Ndio ule mstari wa leja.

Dar es Salaam wakampima upya, kwa eko na kwa kile kipimo cha sumaku, MRI. Vali ina vibao viwili. Mguu na mkono presha ni sawa, kwa hiyo mshipa haukubanwa. Upana wa aota ni ule ule, sentimita 3.0. Nikauliza sasa tatizo liko wapi, wenzenu walisema kawaida. Daktari akachukua kalamu, akanionyesha, na akina mama mtaelewa haraka kuliko madaktari, kwani ni hesabu ya kugawana hisa.

Faida ikiwa shilingi 300,000, ni nyingi au ni kidogo? Hujui mpaka ujue inagawanywa kwa hisa ngapi. Mshipa wa sentimita 3.0 nao hujui mpaka uugawanye kwa ukubwa wa mwili. Mwili wa mwanangu, kwa kimo na kilo zake 45, wanaukadiria kuwa mita za mraba 1.33. Gawanya 3.0 kwa 1.33, unapata karibu 2.25. Mwanamke mkubwa mwenye mita za mraba 1.8 akiwa na mshipa huo huo anapata karibu 1.67, na huyo hana shida. Kwa mwenye Turner jibu likipita 2 wanaanza kuangalia kwa karibu, likifika 2.5 ni hatari kubwa. Mwanangu alikuwa katikati. Wale wa kwanza hawakukosea kupima. Walisahau kugawanya.

Akaanzishiwa dawa ya presha ya kila siku. Homoni akarudishiwa, lakini si vidonge vya majira tena, kwa kuwa estrojeni ya kwenye vidonge hivyo inaweza kupandisha presha kwa baadhi ya wanawake. Sasa anatumia estrojeni ya aina inayofanana na ile ya mwilini, pamoja na projesteroni. Huagizwa kutoka duka la dawa la mjini, na mara nyingine hukosekana mpaka tuzunguke. Kunyanyua mizigo mizito ya kukaza pumzi alikatazwa: ndoo kubwa ya kichwani, gunia. Kutembea, kucheza na watoto, kuimba, ruksa. Na akapewa kikaratasi, tumekitia plastiki, anakaa nacho kwenye pochi: kinasema ana Turner na vali ya vibao viwili, na kwamba akishikwa ghafla na maumivu makali ya kifua au mgongoni kati ya mabega, kama kitu kinachanika, asipewe dawa ya vidonda vya tumbo akarudishwa nyumbani. Apelekwe mara moja akapigwe picha ya aota. Mtoto mdogo mwenye mwili mdogo akilia kifua mapokezi, nani atadhani ni moyo? Kikaratasi ndicho kitakachosema.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Kila mwaka anapimwa tezi ya shingoni iitwayo thairoidi, sukari na ini, kwani yote hayo huwasumbua wenye hali hii kuliko wengine. Figo alipigwa altrasaundi, ziko sawa. Baadhi yao huwa zimeungana. Masikio anapimwa pia, kusikia kwao hupungua mapema. Mifupa inaendelea vizuri.

Juu ya ndoa, maana najua mnasubiri. Alikuja kijana mwaka 2023. Mimi nilitaka tusubiri kidogo kabla ya kueleza. Mwanangu akakataa, akamweleza mwenyewe siku ya pili, kwenye baraza, na mimi nasikiliza dirishani. Alimwambia kwamba ni wachache sana wenye Turner wanaoshika mimba kwa yai lao, na hata kwa yai la mwingine, mimba inaongeza mzigo kwenye aota, hivyo kwa mshipa wake yeye madaktari wamemshauri asibebe. Hii wengine mwipeleke nyumbani: msichana wa Turner asihimizwe mimba na wakwe wala mganga kabla moyo haujapimwa, kwani wapo waliopoteza maisha hivyo. Kijana alikaa kimya muda mrefu, akauliza kama kuna chai. Walioana Desemba ile. Wanalea mtoto wa marehemu dada yake kijana, na anawaita baba na mama.

Tangu Juni 2024 safari zetu za kliniki zimekuwa nyepesi, tunatoka Morogoro kwa treni ya umeme asubuhi. Kipimo cha mwisho kimesema 2.2. Haujatanuka. Presha 122 kwa 78. Namba hizo nimeziandika kwenye jalada la daftari, nje, ili nizione kila ninapolitafuta kalamu.

Mkopo nilimaliza kulipa Februari 2022, na Mweka Hazina anayo sahihi. Mwaka huo huo mkaibadilisha katiba bila mimi kuomba. Kifungu cha mfuko wa jamii sasa kinasema "mgonjwa aliyelazwa, au kipimo kilichoandikwa na daktari". Maneno matano ya nyongeza. Tangu hapo yametumika kwa wanachama saba: kipimo cha shingo ya kizazi, picha ya titi, sukari, na mengine ambayo ni siri ya wenyewe. Yule mwenzetu aliyenipinga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyatumia, na amenipa ruhusa kulisema hilo kwa sharti kwamba niseme pia aliwahi kulipa marejesho yake kabla ya tarehe. Haya, nimesema.

Mashine ya kupimia presha tuliyonunua mwaka jana inakaa kwa Katibu. Ina mkanda mkubwa na mkanda mdogo. Mdogo tuliununua kwa makusudi, kwani mkono mwembamba ukipimwa kwa mkanda mkubwa presha inasoma chini kuliko ilivyo. Kila Jumamosi kabla ya kufungua kisanduku tunapima, na wageni wote wa leo mnakaribishwa. Kama nyumbani kwako yupo binti aliyekuwa mfupi kuliko ndugu zake wote, aliyezaliwa na nyayo zilizovimba, au aliyefika miaka 14 kifua kikiwa bado, usije kwangu kuniuliza dawa, mimi ni muuza dagaa. Nenda kwa Mganga Mfawidhi, yule pale mwenye koti la bluu, nyanyua mkono Daktari wakuone, umwombe rufaa ya kipimo cha kromosomu. Jibu likitoka, karatasi ya moyo usiitie kabatini.

Sasa naona wapishi wananionyesha saa. Nampisha Mheshimiwa Diwani akate keki, na kipande cha kwanza apewe Mwalimu, ambaye amesimama mlangoni ananikazia macho kwa kuwa sharti la pili nimelivunja.